Filimbi Iliyojikwaa Pale Pale

Hii nimeletewa asubuhi na mtu ambaye kwa kawaida hunitumia matangazo ya misiba na picha za maua. Nilitaka kuifuta, nikasoma mistari miwili, na chai ikapoa mezani. Kama ndani ya nyumba yako kuna mtu unayemcheka kwa jambo lile lile kila siku, mwite msome pamoja. Kama hayupo, soma peke yako kisha umpelekee mwingine.

Katika bonde moja la mpunga, mto upande huu na milima upande ule, aliishi mkulima aitwaye Kaspari. Alikuwa na binti wa miaka kumi, Leokadia, na binti huyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa filimbi. Alipiga filimbi akienda kisimani, akirudi kisimani, na alipotumwa chumvi alirudi na wimbo mpya lakini hana chumvi.

Filimbi yenyewe haikuwa filimbi. Ilikuwa kipande cha bomba la maji la plastiki ambacho baba yake alikitoboa matundu sita kwa kufuata vipimo alivyopewa na mwalimu wa shule, Mwalimu Tarsila. Matundu yalikaa sawa, sauti ndiyo iliyokuwa nyembamba, mithili ya birika linalokaribia kuchemka.

Siku moja mwalimu alimwita Kaspari.

"Baba Leokadia, mtoto wako nataka apige wimbo wa kuamia, ule wa kufukuza ndege mashambani, kwenye sikukuu ya mavuno. Apige peke yake, mbele ya watu wote."

"Nimefurahi sana, mwalimu."

"Usifurahi bado. Kwa bomba lile, ngoma zitamfunika na hakuna atakayemsikia. Mtafutie filimbi ya mwanzi. Hata kama imetumika, mtafutie. Asipoipata, itabidi nimpe nafasi mtu wa ngoma."

Leokadia alikuwa nyuma ya mlango, akayasikia yote. Usiku ule hakula, na Kaspari, aliyezoea kugombana na binti yake asimalize mboga peke yake, aliona sahani imebaki ilivyopakuliwa. Hapo akajua kwamba jambo hili si la mchezo.

Hapa naongeza la kwangu, maana nililelewa kwenye bonde kama hilo. Zamani, mpunga ulipoanza kutunga, kila shamba lilikuwa na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na watu walikaa humo kutwa nzima wakiamia ndege. Kweleakwelea wakishuka kundi zima shambani, ukichelewa kidogo tu umevuna makapi. Tulikuwa na kombeo, tulikuwa na makopo yaliyofungwa kwenye kamba, na tulikuwa na filimbi. Wa dungu hili akipiga, wa dungu lile anajibu, na hivyo kila mtu alijua kwamba mwenzake yuko macho. Bonde zima lilikuwa likizungumza. Mama zetu walituletea pepeta, zile chenga tamu za mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, na mpaka leo nikisikia harufu ya mpunga mchanga huwa natafuta filimbi kwa masikio. Siku hizi wamefunga mikanda inayong'aa mashambani, ndege wanakimbia, na bonde liko kimya. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba nasikitika.

Tena palikuwa na jambo jingine. Kijana aliyekuwa na binti moyoni hakuimalizia filimbi yake. Alitoboa matundu matano, la sita akamwachia binti. Binti akikataa, kijana alibaki na filimbi ya matundu matano na kuchekwa msimu mzima. Binti akikubali, alichukua msumari uliopashwa moto, akalitoboa la sita kwa mkono wake mwenyewe, na wazee wakaanza kuulizana habari za mahari.

Basi turudi kwa Kaspari. Kutengeneza filimbi mpya hakukuwezekana, maana mwanzi wake hutundikwa juu ya jiko msimu mzima ukauke kwa moshi, na sikukuu ilikuwa imekaribia. Akauliza huku, akauliza kule. Filimbi nyingi zilishaliwa na mchwa, nyingine zilishakuwa kuni. Kijiji kizima ilibaki moja tu, nayo ilikuwa kwa mjane mmoja, Bibi Redemta.

Marehemu mume wake, Mzee Bonaventura, alikuwa mpiga filimbi wa bonde lile tangu ujana. Alikuwa na pumzi, alikuwa na vidole, na alikuwa na kasoro moja ambayo kila mtu aliijua. Wimbo wa kuamia aliupiga vizuri kabisa mpaka karibu na mwisho, pale sauti inapopanda kabla ya kushuka, na hapo hujikwaa. Sauti hutoka chungu, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Miaka yote, pale pale. Watoto walikuwa wakingoja pafike ili wacheke, na aliyecheka kuwashinda wote alikuwa mke wake.

"Mume wangu ameanguka tena," alikuwa akisema, na watu walishika mbavu.

Mzee Bonaventura hakuwahi kukasirika. Kwenye harusi wenzake walimpa filimbi zao, wakamwambia ajaribu hizo, pengine zitamtoa aibu. Alizikataa zote. "Hii imeuzoea mdomo wangu," alikuwa akiwajibu, na ya kwake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Alipofariki, Bibi Redemta aliitundika filimbi ukutani na hakutaka hata kuifuta vumbi. Halafu watu wakaanza kuja kuitaka. Yeye hakutaja bei. Alitoa sharti.

"Mume wangu aliupiga wimbo wa kuamia maisha yake yote na hakuwahi kuumaliza bila kujikwaa. Atakayeumalizia kwa filimbi hii hii, nitamuuzia kwa chochote alichokuja nacho. Asiyeweza, aende zake salama."

Alikuja mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kuitundika kwenye ukumbi wa hoteli yake. Akapuliza, akatoa mate bila sauti, akaondoka amefura. Alikuja katekista, akafika pale pazito, akajikwaa, akasema vidole vyake vimeshikwa na baridi. Akaja mtu aliyewahi kupiga kwenye bendi kubwa, akapiga mpaka majirani wakaacha kutwanga, na alipofika pale pale akajikwaa. Alirudia mara tatu. Mwishoni aliiweka filimbi chini akasema, "Uzee, mama. Mapafu si yale tena."

Kila mmoja alijilaumu mwenyewe. Na ungetegemea nini? Nani angekaa kwenye kigoda cha mjane, ameshika filimbi ya marehemu, aseme kwamba filimbi ni mbovu? Kwetu hilo halisemwi. Ingekuwa sawa na kulisema kaburi.

Bibi Redemta aliwasindikiza mpaka uani, mmoja baada ya mwingine, akicheka kwa mbali. "Naona mwiba wa mume wangu umewachoma wote," alisema.

Kaspari alifika siku ya Jumamosi, jogoo mwekundu kwapani, Leokadia akimfuata nyuma na bomba lake mkononi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Leokadia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Kaspari, jogoo huyo wa nini?"

"Mama, tumekuja kuhusu ile filimbi. Ndicho nilicho nacho."

"Jogoo anatosha. Sharti umelisikia?"

"Nimelisikia, Mama. Ila huyu ni mtoto. Waliokuja kabla yake ni watu wazima."

"Mimi sikuweka sharti la umri," alisema Bibi Redemta. "Kwanza nataka kujua kama wimbo wenyewe anaujua. Piga kwa hilo bomba lako, mjukuu wangu."

Leokadia alikaa kwenye mkeka akapiga. Sauti ilikuwa ile ile ya birika, lakini wimbo ulikuwa wenyewe. Ulipanda pale unapotakiwa kupanda, ukashuka, ukaisha. Bibi Redemta aliinua uso. Ndani ya ua wake hakuwahi kuusikia wimbo ule mzima.

Akaenda ndani, akaitungua filimbi ukutani, akaipangusa kwa upande wa kanga, akamkabidhi mtoto.

Mwanzi ulikuwa umeiva kwa miaka na mafuta ya vidole, umekuwa na rangi ya asali. Leokadia aliuweka mdomoni akajaribu sauti moja tu, sauti nene, tamu, iliyojaza ua wote. Kaspari alihisi machozi, akajifanya anamrekebisha jogoo. Hiyo ndiyo sauti aliyoisikia alipokuwa mdogo juu ya dungu la baba yake, mpunga ukiyumba chini na jua likimpiga kisogoni. Hakutaka kitu kingine chochote duniani ila binti yake arudi nyumbani na filimbi ile.

Leokadia akaanza wimbo. Alipiga kama aliyeupiga wimbo huo maisha yake yote. Wimbo ukafika pale pale, sauti ikapanda, na ikajikwaa.

Bibi Redemta alitikisa kichwa, akicheka kwa upole. "Hapo hapo. Pole, mjukuu wangu. Hata mwenyewe aliyeitengeneza alishindwa."

Leokadia akaipandisha tena mdomoni. Akarudia, akajikwaa. Akaiweka filimbi mapajani, akachukua bomba lake, akapiga sehemu ile ile. Ikapita vizuri. Akachukua filimbi tena, ikajikwaa. Bomba, ikapita. Jogoo naye akaona hapa pana mashindano, akawika.

Mtoto aliiinua filimbi, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Bibi, siyo mimi. Ni filimbi."

"Leokadia," Kaspari alisema kwa ukali. "Omba radhi sasa hivi. Hiyo ni filimbi ya marehemu."

"Baba, tazama. Matundu matano yamekaa kwenye mstari. Hili la mwisho limepotoka upande, tena limepanda juu. Hata ningekuwa nani, hapa lazima nijikwae."

"Nimesema omba radhi."

"Mwache," alisema Bibi Redemta. "Nipe hiyo filimbi."

Aliichukua. Macho yake hayakuwa ya kuaminika tena, kwa hiyo alitumia kidole. Alikipitisha juu ya tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Alipofika la sita kidole kikatoka nje ya mstari. Alikirudisha, kikatoka tena. Akaanza tena tangu la kwanza, na Kaspari akaogopa.

"Mama, utusamehe. Ni mtoto tu, tutaondoka."

"Kaeni," alisema. "Hili tundu nalijua."

Ndipo akawasimulia. Siku lilipotobolewa, yeye alikuwa bado binti wa kutumwa kupeleka pepeta. Alipanda kwenye dungu la kina Bonaventura, akamkuta kijana ameshika filimbi ya matundu matano na msumari ndani ya makaa. Hawakuambiana neno. Alichukua msumari, mkono ukamtetemeka kwa haya mpaka moshi ukamwingia machoni, akatoboa huku amefumba macho. Alipoyafumbua alimwuliza, "Limekaa vizuri?"

"Akalitazama," alisema Bibi Redemta. "Akalitazama kidogo, kisha akacheka akasema, 'Limekaa pazuri sana.' Basi. Mpaka anaingia kaburini hakuniambia neno jingine."

Kaspari aliinamisha kichwa.

"Na mimi nikamcheka," aliendelea. "Harusini nilimcheka, kipaimara cha watoto nilimcheka, nikawafundisha na wajukuu wamcheke. Kumbe nilikuwa nacheka mkono wangu mwenyewe. Kaspari mwanangu, kila akifika pale alikuwa akinitazama. Nilidhani anaona haya."

Alilia, na hakujificha. Leokadia alisogea akamshika kanga, kwa sababu hakujua ashike nini kingine.

Sasa mambo yakawa magumu. Kaspari aliona wazi kwamba mjane huyu hawezi tena kuuza kitu kile, na yeye mwenyewe asingethubutu kuomba. Akamchukua jogoo wake, akamwashiria binti yake wasimame. Leokadia alisimama. Hakulia, lakini kidevu kilikuwa kinacheza, na nafasi yake ya sikukuu aliiona inaondoka.

"Mnakwenda wapi na jogoo wangu?" alisema Bibi Redemta.

"Mama, filimbi hii sasa ni ya kwako."

"Ilikuwa ya kwangu siku zote, ndiyo maana naweza kuiuza. Mimi niliweka sharti kwamba wimbo umalizike. Aliyeuzuia usimalizike ni mimi. Kaspari, ingia jikoni, chukua msumari mrefu uliochomekwa juu ya mlango, uweke kwenye makaa. Kwenye ile chupa ya asali kuna nta, niletee na hiyo."

Wakaziba tundu lililopotoka kwa nta ya nyuki. Kaspari akalilaza bomba la Leokadia sambamba na filimbi, akapima, akaweka alama ya mkaa mahali ambapo tundu lilipaswa kuwa tangu mwanzo. Msumari ulipoiva akauchukua kwa kitambaa, tayari kutoboa.

"Lete hapa," alisema Bibi Redemta. "Tundu hilo ni la kwangu."

"Mama, mkono wako unatetemeka."

"Hata siku ile ulitetemeka. Leo lakini sifumbi macho."

Alitoboa taratibu, macho wazi, moshi ukipanda usoni mwake. Harufu ya mwanzi unaoungua ikajaa uani, na Kaspari alisema baadaye kwamba kwa kitambo kidogo bibi yule alionekana binti kabisa. Walipomaliza waliipuliza majivu, ikapoa, mtoto akapewa.

Leokadia akapiga. Sauti ilipanda, ikapita pale pale bila kugusa mwiba, ikashuka kama maji yanavyoingia mfereji wa shamba, ikaisha. Bibi Redemta alikuwa ameangalia upande wa milimani. Wimbo ambao mume wake alitaka kumpigia tangu siku ya dungu, siku hiyo ndiyo aliusikia mzima kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya filimbi yake mwenyewe.

Jogoo alibaki. Filimbi ikaenda. Siku ya sikukuu Leokadia alipiga peke yake, ngoma zikamngoja, na wazee waliowahi kuamia kwenye madungu walivua kofia zao bila kuambiwa.

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Mimi pia nilidhani.

Lakini nta ya nyuki hutoka. Ukiipasha kwa kidole inalegea, unaweza kuitoa tundu moja ukaiweka jingine. Leokadia aliligundua hilo peke yake. Basi kila Jumapili, wakitoka kanisani, alikuwa akipita kwa Bibi Redemta na filimbi yake, anakaa kwenye mkeka, anauliza swali lile lile.

"Bibi, leo nipige ya kwangu au ya Babu?"

"Ya Babu kwanza."

Mtoto anahamisha nta, analiacha wazi lile tundu lililopotoka, anapiga. Wimbo unakwenda vizuri, unafika pale pale, unajikwaa. Na Bibi Redemta, kama zamani, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Safari hii hamcheki tena mume wake, anaucheka mkono wake mwenyewe.

Funzo: Kabla hujamcheka mwenzako kwa kosa analolirudia kila siku, chunguza kwanza kama si kosa lako analolibeba kimya kwa sababu anakupenda, na ukiligundua akiwa bado yu hai, mshukuru leo hii.